Tuzo za wanasayansi wa kinga zina nini kwa mzazi wa Mbulu na Hanang?

Jumatatu ya Oktoba 6, 2025 walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba: Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, pamoja na Shimon Sakaguchi wa Japani. Kwa Sakaguchi haikuwa heshima ya kwanza. Taifa lake lilishamtunuku Nishani ya Utamaduni mwaka 2019, nishani ambayo Japani huwapa watu wachache sana kila mwaka. Wote watatu wametunukiwa kwa kazi inayohusu kinga ya mwili, yaani ule mfumo unaotulinda dhidi ya vijidudu.

Afrika Mashariki nayo ina wake. Faith Osier, daktari wa watoto kutoka Kenya aliyefanya utafiti kwa miaka mingi Kilifi, alipewa Tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2014. Mwaka 2016 akapata tuzo ya Ujerumani iitwayo Sofja Kovalevskaja, na baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza umoja wa kimataifa wa vyama vya wanasayansi wa kinga. Alichokuwa anakitafuta mama huyu ni jibu la swali ambalo kila mzazi wa pwani amewahi kujiuliza: kwa nini malaria inamlaza mtoto wangu, lakini mimi ikinipata naendelea kulima?

Hapa nyumbani, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia imeanzisha zawadi ya fedha kwa watafiti wa Kitanzania ambao kazi zao zinachapishwa katika majarida makubwa ya sayansi duniani. Ni hatua nzuri na mimi naiunga mkono. Ila ukubwa wa jarida ni kipimo kimoja tu. Kazi inaweza kusomwa Boston na Geneva, na mama wa Dongobesh asiisikie kamwe, ingawa damu iliyopimwa ilitoka kwenye mkono wa mwanawe.

Kwa hiyo leo nataka tufikiri pamoja. Kama taifa letu lingekuwa na tuzo ya watafiti wa kinga ya mwili peke yake, tungempa nani wa kwanza? Mimi ningeanza kutafuta Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Sababu yangu ni ugonjwa wa kifafa, na mdudu mmoja ambaye anaijua kinga ya mwili wetu kuliko wengi wetu tunavyoijua.

Askari wanaowazuia askari

Tuanze na hicho kilichompa Sakaguchi nishani, maana bila hicho ya Mbulu hayataeleweka.

Wengi tumezoea kufikiri kuwa kinga ni kama jeshi: likiwa kubwa zaidi ndivyo bora zaidi. Ndiyo maana pale stendi utauziwa unga, majani na vidonge vya "kuongeza kinga", na muuzaji hatakuambia inaongezwa hadi wapi. Ukweli ni kwamba kinga iliyozidi kiasi ni ugonjwa. Kisukari kinachowapata watoto wadogo na kuwalazimu kudungwa insulini kila siku hutokana na kinga kushambulia kongosho lao wenyewe. Baridi yabisi inayovimbisha viungo vya vidole nayo ni hivyo hivyo.

Miaka ya 1980 Sakaguchi alikuwa anachunguza panya waliotolewa tezi ya thimasi siku tatu tu baada ya kuzaliwa. Tezi hiyo iko kifuani, juu ya moyo, na ndiko chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T hupata mafunzo yake. Mtu angetarajia panya wasio na tezi hiyo wawe na kinga dhaifu. Kumbe kinga yao ilipagawa ikaanza kula viungo vya mwili wao. Sakaguchi alipowapa seli T kutoka kwa panya wazima, wakapona. Akaelewa kuwa ndani ya jeshi lile kuna kikosi ambacho kazi yake si kupigana, bali kuwazuia wenzao. Mwaka 1995 alikitambulisha rasmi. Wakati huo wanasayansi wengi hawakuamini. Mwaka 2001 Brunkow na Ramsdell wakaonyesha jeni inayohusika, na kwamba mtoto wa kiume anayezaliwa na jeni hiyo ikiwa na hitilafu huugua vibaya kwa sababu kinga yake haina wa kuishika.

Kwa hiyo kinga njema inajua kupiga na inajua kuacha. Shika hilo, sasa twende Mbulu.

Kifafa milimani

Haydom iko Mbulu, mwendo mrefu kutoka mji wa Mbulu, na hospitali ya Kilutheri iliyopo pale imekuwa ikihudumia watu tangu mwaka 1955. Wagonjwa wake wanatoka pande zote: Wairaqw wa milimani, Wadatoga na ng'ombe wao kutoka Hanang, na hata watu wa Singida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu kutoka Ujerumani, Andrea Winkler, alifanya kazi pale pamoja na wenzake, akiwamo Profesa William Matuja wa Muhimbili. Walipita nyumba kwa nyumba wakauliza habari za zaidi ya watu 7,000. Waligundua kuwa karibu watu tisa katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Hiyo ni idadi kubwa.

Wakaenda mbele zaidi. Wakawapiga picha za ubongo kwa mashine ya CT Scan watu 212 wenye kifafa. Katika watu 38 kati yao walikuta dalili za viluwiluwi vya minyoo tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Yaani karibu mtu mmoja kati ya kila sita.

Naomba usome tena hapo. Sijasema mashetani, wala laana ya ukoo, wala mkosi wa mtu aliyevunja mwiko. Ni mnyoo.

Tegu huyu ana maisha ya sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya, hata baadhi yetu watumishi wa afya. Sehemu ya kwanza: mtu anakula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, yenye vipele vyeupe mfano wa punje za mchele. Kile kipele kinafunguka tumboni kinakuwa mnyoo mrefu, bapa kama utepe, wenye urefu wa mita kadhaa. Mwenye nao anaweza asijue kabisa. Pengine ataona vipande vyeupe bapa kwenye choo kikubwa, basi.

Sehemu ya pili ndiyo ya hatari. Mnyoo ule unatoa mayai maelfu kwa maelfu yanayotoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai yanaanguliwa, viluwiluwi vinapenya utumbo na kuingia kwenye nyama yake, na duara linaendelea. Lakini mtu naye akimeza mayai hayo kwa mikono isiyonawishwa, maji au mboga mbichi, mwili wake unafanywa nguruwe. Viluwiluwi vinaingia kwenye misuli, kwenye macho na kwenye ubongo.

Kwa hiyo kula kitimoto kibichi hukupa mnyoo wa tumboni. Kifafa kinaletwa na kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kuonja nguruwe maishani anaweza kupata viluwiluwi kichwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa New York waliripoti ugonjwa huu ndani ya jamii ya Wayahudi washika dini, watu wasiogusa nguruwe kabisa. Ilionekana kuwa mayai yaliletwa na wasaidizi wa nyumbani waliokuwa na tegu tumboni bila kujua. Hivyo Mwislamu wa Katesh asiseme ugonjwa huu haumhusu. Jirani akiwa hana choo, unamhusu.

Anayejificha ndani ya jeshi

Hapa ndipo kinga inapoingia, na ndipo ninapoona uzito wa ile Nobel.

Kiluwiluwi kikifika kwenye ubongo kinajijengea mfuko mdogo wenye maji, wa ukubwa wa punje ya njegere hivi. Ni kitu kigeni kabisa, tena kikubwa. Kinga inayomshughulikia bakteria asiyeonekana kwa macho ingetakiwa kukiona mara moja. Haikioni, au tuseme inakiona na kunyamazishwa. Mfuko ule unatoa kemikali zinazopooza silaha za kinga, na watafiti wameona kuwa wagonjwa wa namna hii wana ongezeko la zile seli za Sakaguchi, askari wanaowazuia askari. Mdudu anatumia breki zetu wenyewe. Anaweza kuishi hivyo miaka mingi, na mwenye ubongo akawa analima, anasoma, anaoa, bila dalili yoyote.

Shida inaanza siku anapoanza kufa. Kwa uzee au kwa dawa, mfuko unalegea, kemikali za kunyamazisha zinakwisha, na kinga inazinduka. Inashambulia kwa hasira ya miaka yote. Ubongo unaozunguka mfuko ule unavimba. Hapo ndipo kichwa kinauma, na hapo ndipo mtu anaanguka kifafa kwa mara ya kwanza.

Niliwahi kumweleza hivyo mama mmoja aliyekuja na binti yake wa darasa la sita kutoka upande wa Bassotu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kwa hiyo daktari, kinachomwangusha mwanangu si mdudu, ni mwili wake wenyewe?" Nikamwambia, mama, wanafunzi wangu wa udaktari huchukua wiki mbili kufika hapo.

Na jambo hili si la darasani tu, maana linabadilisha matibabu. Mtu mwenye kifafa akienda duka la dawa, akanunua vidonge vya minyoo na kuvimeza kwa wingi kwa sababu amesikia kuwa kifafa chake ni minyoo, anaweza kuua mifuko mingi kwa siku moja. Kinga itazinduka pande zote kwa pamoja. Ubongo unaweza kuvimba hadi kuhatarisha maisha. Ndiyo sababu hospitalini tunaanza na dawa za kuzuia kifafa, tunapiga picha ya ubongo, na pale tu inapohitajika tunatoa albendazole kwa siku kadhaa tukiambatanisha na dawa za jamii ya steroidi zinazoituliza kinga. Kwa maneno mengine, tunamuua mdudu huku tukiishika kinga mkono. Na mfuko ambao umeshakufa na kubaki kovu gumu kama chokaa hauhitaji dawa ya minyoo hata kidogo. Mgonjwa atahitaji dawa ya kifafa tu.

Wazazi wanaweza kuuliza kuhusu dawa za minyoo na kichocho zinazotolewa shuleni. Mruhusu mtoto azimeze, zina faida kubwa. Lakini kama mtoto wako amewahi kuanguka kifafa, au anaumwa kichwa mara kwa mara pasipo sababu inayoeleweka, mwambie mwalimu na mhudumu wa afya kabla ya siku ya kumeza, ili kwanza aonwe na daktari.

Chanjo ya nguruwe

Sasa tunafika kwa wale ambao ningependa wapewe tuzo.

Wa kwanza ni Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Yeye si daktari wa binadamu, ni mtafiti wa afya ya mifugo, na huenda kamati nyingine isingemwita mwanasayansi wa kinga. Ningegombana nayo. Yeye na wenzake walizunguka vijiji vya Mbulu wakikagua nguruwe mmoja mmoja chini ya ulimi, kama wanunuzi wenyewe wanavyofanya: nguruwe analazwa, mdomo unafunguliwa kwa kijiti, ulimi unavutwa na kupapaswa kutafuta vipele. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa asilimia 17.4 ya nguruwe walikuwa na vipele, na kaya zisizo na choo zilikuwa hatarini zaidi. Kumbuka kuwa kupapasa ulimi hakuoni nguruwe wote walioathirika. Wenye vipele vichache hupita.

Baada ya hapo akajaribu jambo ambalo watu wa maabara mara nyingi hulidharau: elimu. Vijiji vingine vikafundishwa juu ya tegu, vingine vikasubiri, kisha nguruwe wapya wakafuatiliwa. Katika vijiji vilivyofundishwa maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa karibu asilimia 40. Idadi ya vyoo haikupanda kwa maana yoyote. Hilo la vyoo linanisumbua hadi leo, kwa sababu linaonyesha kuwa mtu anaweza kuelewa kabisa na bado asiwe na uwezo wa kuchimba shimo kwenye mwamba. Maeneo mengi ya milima ile ni mawe matupu.

Wa pili anatoka mbali. Marshall Lightowlers wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, alijiuliza swali zuri: kama kinga inapumbazwa baada ya mfuko kujengwa, kwa nini tusiizindue kabla? Yai likianguliwa kuna muda mfupi ambapo kiluwiluwi kiko uchi, bado hakijajenga ngome. Yeye na wenzake wakachukua protini moja ya kiluwiluwi cha hatua hiyo wakatengeneza chanjo iitwayo TSOL18. Nguruwe aliyechanjwa anakuwa na kingamwili zinazokisubiri kiluwiluwi mlangoni. Kikitoka kwenye yai, kinauawa.

Nchini Cameroon, Emmanuel Assana na wenzake waliijaribu chanjo hiyo vijijini pamoja na dawa ya minyoo iitwayo oxfendazole, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Katika nguruwe waliochanjwa hakupatikana hata mmoja mwenye vipele hai, wakati kundi lisilochanjwa karibu mmoja kati ya watano alikuwa navyo. Peru nao, katika mkoa wa Tumbes, waliunganisha dawa kwa watu, dawa kwa nguruwe na chanjo ya nguruwe. Taarifa ya mwaka 2016 ilisema maambukizi yalikatika katika vijiji 105 kati ya 107. Sasa chanjo hiyo inatengenezwa kiwandani India, na hapa Tanzania imejaribiwa katika Nyanda za Juu Kusini.

Binadamu hana chanjo ya tegu. Sisi tunachanja nguruwe ili mtoto asianguke kifafa. Nikifikiri tuzo ya kinga, hii ndiyo picha ninayoiona: kibanda cha nguruwe chini ya Mlima Hanang, na bomba la sindano.

Lakini chanjo hiyo ina tatizo ambalo hakuna nishani italitatua. Mfugaji haoni faida yake. Nguruwe mwenye vipele haumwi. Ananenepa kama wenzake. Chanjo ni gharama leo, kifafa ni cha mtoto wa mtu mwingine miaka kumi ijayo. Na mnunuzi akikuta vipele chini ya ulimi, nguruwe hatupwi. Anachinjwa nyumbani kimyakimya, nyama inauzwa bei ya chini, na wanaoinunua ni wale wasio na uwezo wa kununua nyingine. Maofisa mifugo wa kata wanalijua hili vizuri. Ningependa kuona Serikali ikiiweka chanjo hii mahali pamoja na zile za mifugo ambazo mfugaji anachangia kidogo na jamii inalipia zaidi, kwa sababu anayefaidika ni jamii.

Na akina mama je?

Kuna kundi jingine ambalo tuzo huwa hazilifikii. Haydom ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa wa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 kuchunguza uhusiano wa maambukizi ya tumbo, lishe na ukuaji wa watoto, pamoja na jinsi chanjo zinavyofanya kazi kwa watoto hao. Vituo vingine vilikuwa Bangladesh, Brazil, India, Nepal, Pakistan, Peru na Afrika Kusini. Wahudumu walipita nyumbani mara mbili kwa wiki kumuulizia mtoto, na kila mwezi kinyesi chake kilichukuliwa kupimwa. Fikiria uvumilivu wa mama anayefunguliwa mlango mara mbili kila wiki, msimu wa palizi na msimu wa njaa, ajibu maswali yaleyale. Mambo mengi tunayosoma leo katika vitabu kuhusu utumbo wa mtoto wa kijijini yalitoka kwenye nyumba hizo.

Kama kamati ya tuzo itaundwa siku moja, ninapendekeza sharti moja liandikwe kwenye fomu: mtafiti aonyeshe kuwa alirudi kijijini kueleza alichokipata, kwa lugha wanayoielewa, kabla hajapanda jukwaani. Mzee asiyezungumza Kiswahili vizuri aelezwe kwa Kiiraqw au Kidatoga.

Nyumbani kwako wiki hii

Mtu akianguka kifafa, msaidie. Povu lake haliambukizi. Nimeona majeraha ya moto ambayo yasingekuwapo kama waliokuwa jirani wasingeogopa kumvuta mwenzao kutoka jikoni. Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vigumu karibu yake, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe maji hadi azinduke kabisa. Degedege ikizidi dakika tano, au ikijirudia kabla hajazinduka, mkimbize kituo cha afya.

Mtoto au mtu mzima aliyeanguka kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali, hata kama amesharudia hali yake na anacheza. Eleza kama kwenu au kwa jirani kuna nguruwe wanaozurura. Daktari anaweza asikuulize, mwambie. Kama ameandikiwa dawa za kifafa, asiziache ghafla kwa sababu ya nafuu ya miezi miwili, maana kuziacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kuliko cha mwanzo. Wasichana waliokaribia umri wa kuzaa wamuulize daktari kama dawa wanayotumia inafaa kwa umri huo, kwa sababu ipo ambayo si salama kwa ujauzito. Wazazi wanaotaka kumwombea mtoto au kumpeleka kwa mganga siwagombezi, ila vidonge visikatizwe hata siku moja.

Ukiona vipande vyeupe bapa kwenye choo chako au cha mtoto, nenda zahanati bila aibu. Mnyoo wa tumboni unatibika kwa urahisi, na kwa kuutibu umewakinga wote wanaokula chakula unachokiandaa. Hili nawaambia hasa mama lishe, wapishi wa shule na wasichana wa kazi. Waajiri nao, msimfukuze binti kwa sababu ana minyoo, mpelekeni akatibiwe.

Kitimoto kiive hadi ndani. Mishkaki ya nje nyeusi na ndani nyekundu, irudishe jikoni, hata kama mchomaji atakununia. Ukikuta punje nyeupe ndani ya nyama, usile, na mwarifu ofisa mifugo. Nguruwe akae bandani. Choo kiwe na mlango, ili nguruwe asiingie, na watoto wadogo wanaojisaidia uani kinyesi chao kizolewe na kutupwa chooni siku hiyohiyo. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, na mboga za kachumbari zioshwe kwa maji safi.

Wale mnaofuga Mbulu na Hanang, mkutano wa kijiji ujao muulizeni ofisa mifugo wenu kuhusu chanjo ya TSOL18: kama inaweza kufika kwenu, kwa bei gani, na nani atachangia. Swali likiulizwa na mfugaji mmoja litaishia pale. Likiulizwa na vijiji kumi litafika wilayani.